Nantes, Mji Uliofukia Mto Wake

Mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, umekaa juu ya mto Loire, kilomita zipatazo 50 kabla mto huo haujaingia bahari ya Atlantiki. Bahari ikijaa, maji yake hupanda mpaka hapo, na mlango huohuo umeuingizia mji heri na shari. Mwaka 843, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Waviking walipanda mto na vyombo vyao, wakaingia kanisa kuu, wakamwua askofu Gohard pamoja na watu wake. Walikuja tena na tena mpaka mwaka 937, Alain Barbetorte alipowafukuza akaufanya mji kuwa makao ya watawala wa Bretagne.

Mimi na mke wangu tulipewa siku moja tu na ratiba ya treni. Tukakubaliana kuisoma tarehe ya mji kwa miguu, tangu ngomeni mpaka gatini.

Ngome ilianza kujengwa upya mwaka 1466 kwa amri ya François II, mtawala wa mwisho mwanamume wa Bretagne. Nje ni kuta nene na handaki la maji. Ukishavuka daraja na kuingia uani, jumba la mawe meupe linakupokea kwa madirisha ya nakshi. Humo alizaliwa Anne, bintiye, mwaka 1477. Baba alipofariki, binti alikuwa na miaka 11 na nchi nzima mikononi mwake. Mwaka 1491 aliolewa na Charles VIII, mfalme wa Ufaransa, kwa mapatano kwamba mfalme akifa bila mrithi wa kiume, mjane ataolewa na mfalme atakayefuata. Ikawa hivyo hivyo: mwaka 1499, katika ngome hii hii, akaolewa na Louis XII. Alipofariki mwaka 1514 mwili wake ulizikwa Saint-Denis pamoja na wafalme, lakini moyo wake ukaletwa Nantes ndani ya kikasha cha dhahabu. Bretagne yenyewe iliunganishwa na Ufaransa mwaka 1532.

Jina la Nantes limebaki vitabuni kwa sababu ya amri aliyoitoa hapa mfalme Henri IV mwaka 1598, ya kuwapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu baada ya miaka mingi ya Wafaransa kuuana kwa ajili ya dini. Louis XIV aliifuta mwaka 1685. Mwaka huohuo mfalme huyohuyo alitoa sheria iliyoitwa Code noir, iliyomhesabu mtumwa wa makoloni kuwa mali inayohamishika, kama samani za nyumba. Nikisoma miaka hiyo miwili kwenye daftari langu nakuta ni mmoja, na tangu hapo tarehe ya Nantes inabadilika rangi.

Siku hizi ngome ni makumbusho. Tulipita vyumba kadhaa upesi, lakini mbele ya picha chache za rangi za maji tulisimama muda mrefu. Ni picha za merikebu ya Nantes iitwayo La Marie-Séraphique, zilizochorwa karne ya 18. Moja inaipasua merikebu tangu sitaha mpaka ngamani, na watu wamepangwa ndani ubavu kwa ubavu. Nyingine inaonyesha siku ya kwanza ya mauzo huko Cap-Français, katika kisiwa ambacho leo kina nchi ya Haiti: wanunuzi wamekuja na wake zao, wamekaa sitahani, wanakula na kunywa. Mchoraji hakuona haja ya kuficha chochote. Karibu na hapo kuna vitambaa vya pamba vilivyochapwa maua kwa mtindo wa Kihindi, ambavyo viwanda vya Nantes vilivitengeneza ili vibadilishwe na watu katika pwani ya Afrika. Mke wangu alivitazama kwa jicho la mtu aliyelelewa katika duka la kanga, akasema kazi ni nzuri. Kisha akaondoka mbele ya kabati lile.

Zaidi ya safari 1,700 za kusafirisha watumwa ziling'oa nanga Nantes. Hakuna bandari ya Ufaransa iliyoifikia. Faida yake bado inaonekana kwenye Île Feydeau, mtaa wa matajiri wenye meli, wenye nyumba za ghorofa za karne ya 18, roshani za chuma, na nyuso zilizochongwa juu ya madirisha. Kuna miungu ya bahari yenye ndevu, na kuna nyuso za Waafrika. Nyumba nyingi zimelala upande, kwa kuwa zilijengwa juu ya mchanga na tope la mto. Bado mtaa unaitwa kisiwa, ingawa hakuna maji tena. Kuanzia mwaka 1926 mikono ya Loire iliyopita katikati ya mji ilifukiwa, na mahali palipofunga vyombo pakawa barabara. Leo tramu hupita hapo.

Mji uliofukia mto ulikawia pia kusema. Ufaransa ilikomesha utumwa mwaka 1794, Napoléon akaurudisha mwaka 1802, ukakomeshwa kabisa mwaka 1848, na wakati biashara ya watumwa imeshapigwa marufuku merikebu za Nantes ziliendelea kuifanya kwa siri. Mpaka mwaka 1992 ndipo maonyesho makubwa yalipofunguliwa ngomeni kuyasimulia haya. Mwaka 2012 ikafuata kumbukumbu ya kudumu, kwenye gati la La Fosse.

Tulifika hapo alasiri. Juu ya gati, vipande 2,000 vya kioo vimezikwa ardhini kati ya mawe: vingi vina majina ya merikebu za watumwa na miaka ya safari zao, vingine majina ya bandari, zikiwemo za Bahari ya Hindi. Watu huvipita wakiendesha baiskeli. Ngazi inakuteremsha chini ya gati, sawa na maji, na huko neno uhuru limeandikwa kwa lugha nyingi.

Mke wangu kwao ni Kilwa, na habari ya Morice anaijua tangu shuleni: Mfaransa aliyefunga mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776, apewe watu 1,000 kila mwaka wa kupeleka Mauritius na Réunion, visiwa ambavyo siku hizo viliitwa Île de France na Bourbon. Alitembea ameinama, akisoma kioo kimoja kimoja, majina ya watakatifu na ya mabinti.

"Baba Yusufu," akaniita, "merikebu ina jina, mtu hana?"

Nilimjibu ninavyojua, kwamba manahodha waliandika idadi, jinsia, umri na bei, basi. Mji umeandika ulichokuwa nacho. Naupa heshima kwa kukiweka chini ya miguu ya kila mpita njia, wala haukukifungia makumbusho tu. Lakini swali la mke wangu ni la haki, na kioo hakiwezi kulijibu.

Ukifuata mto kutoka hapo unapanda kilima cha Sainte-Anne, penye makumbusho ya Jules Verne. Alizaliwa mwaka 1828 kwenye Île Feydeau, akakua akitazama milingoti. Riwaya yake ya kwanza ya safari, ya mwaka 1863, inarusha baluni kutoka Unguja kuvuka Afrika nzima. Verne mwenyewe hakufika Unguja. Aliijua kwa vitabu vya wapelelezi. Anawaeleza wenyeji wakilikasirikia lile baluni, hata wasafiri wakalazimika kulihamishia kisiwa kidogo cha jirani. Mwaka huo wa 1863 soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi, nalo halikufungwa mpaka 1873, miaka 25 baada ya Ufaransa kukomesha utumwa kwake.