Nyota ya babu iliyokuwa ikitembea

Marehemu babu yangu, aliyekuwa kibarua wa reli pale Mpanda, alikuwa na hadithi moja tuliyoichoka. Eti mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru aliona nyota inatembea. Haikuwa na mlio, haikuwa kimondo, ilikwenda taratibu kutoka upande mmoja wa mbingu mpaka mwingine. Wajukuu tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Leo sicheki tena. Agosti 12, 1960 Marekani ilirusha Echo 1, puto lenye upana wa mita 30 hivi, limepakwa alumini ili kurudisha mawimbi ya redio ardhini. Liling'aa kuliko nyota nyingi na lilipita juu ya sehemu kubwa ya dunia, kwetu kukiwemo, hadi lilipoungua mwaka 1968. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Piga hesabu mwenyewe!

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na raia wa kawaida waliofanya kwa mpango kile babu alichokifanya kwa bahati. Fred Whipple wa taasisi ya Smithsonian alianzisha Moonwatch mwaka 1956. Walimu, wanafunzi na mafundi, hadi Afrika Kusini, walikaa kwenye mstari usiku, kila mtu na darubini ndogo na kipande chake cha mbingu. Satelaiti ikipita, aliyeiona anapiga kelele, mwenzake anaandika saa. Basi. Mradi ulifungwa 1975.

Halafu zikaja kompyuta. Mwaka 1980 jeshi la Marekani lilichapisha hadharani kanuni za kukokotoa njia za satelaiti, mojawapo ikiitwa SGP4. Mpaka leo programu nyingi za simu zinaendeshwa na kanuni hiyo, zikilishwa mistari miwili ya tarakimu kwa kila satelaiti.

Nami nikapakua moja nikiwa likizo nyumbani. Ikaniambia kituo cha anga za juu kitapita saa 19:14. Nikamtoa mama nje, nikawaita na majirani (kwanza ilibidi niwafafanulie kuwa hiyo ni saa moja na robo, maana programu hizi saa za Kiswahili hazizijui). Tukakodoa macho... hola! Mbingu yenyewe ilikuwa bado nyeupe. Kumbe programu ilijiwekea kwamba niko Dar es Salaam. Jua la Mpanda huzama kama nusu saa baada ya la Dar, na kwa umbali wa kilomita zipatazo 900 hata dakika na upande wa kutazama hubadilika. Majirani bado wananikumbusha.

Si uzembe tu wa programu. Vifaa hivi vilitengenezwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya mbingu yao. Juni pale London satelaiti ya chini inaweza kuonekana usiku kucha. Kwetu una kama saa moja na ushee baada ya giza kuingia, na nyingine kabla ya mapambazuko. Lakini nasi tuna vyetu. Desemba 12, 1970 satelaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa sababu Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru siku hiyo. Njia yake haikuiacha ikweta kwa zaidi ya nyuzi 3. London haikuwahi kupita juu ya upeo wa macho hata mara moja. Mpanda ilipita kila baada ya saa moja na nusu na ushee, miaka zaidi ya minane, ingawa ilikuwa ndogo mno kwa macho matupu.

Nimejaribu kuitafuta nyota ya babu kwa programu hizo. Haiwezekani. SGP4 inakokotoa vizuri kwa siku chache tu, na puto lile jepesi lilisukumwa hata na mwanga wa jua. Tena babu hakukumbuka tarehe.

Alikumbuka kitu kimoja, ambacho nilikuwa nakipuuza. Alisema, "Mjukuu wangu, nyota zote zinatoka Tabora kwenda ziwani. Ile ilitoka ziwani." Echo 1 ilikuwa ikizunguka kutoka magharibi kwenda mashariki.