Gulio

Anayesimulia likizo yake katika miji ya kale ya Ufaransa hujikuta akiandika “soko la kila wiki”. Maneno manne kwa kazi ya neno moja: gulio. Soko lipo siku zote. Gulio lina siku yake. Mzizi wake si mgeni: Wasukuma husema kugula na Waganda okugula, yaani kununua.

Chukua Beaune, mji wa divai katika Burgundy. Jumamosi asubuhi, Place de la Halle hujaa meza za jibini, haradali na kuku wa Bresse. Hilo ni gulio. Ng’ambo ya barabara ipo hospitali ya kale iliyoanzishwa mwaka 1443, yenye paa la vigae vya rangi. Tangu 1859, divai ya mashamba yake huuzwa kwa mapipa, siku hizi Jumapili ya tatu ya Novemba, kwa anayepanda dau. Huo ni mnada.

Kwetu Tanzania, neno mnada limeanza kulimeza neno gulio, hata pale bei inapopatanwa tu bila kushindaniwa. Tuyatenganishe: penye kushindania bei, mnada, penye siku maalumu ya kuuziana, gulio.