Mbao za Kimbunga: Magogo ya New England, 1938 hadi 1943

Mti ulioangushwa na upepo watu huuhesabu kuwa wa bure. Hakuna wa kulipwa ili auangushe, na mara nyingi mwenyewe hushukuru mtu akija kuuondoa. Katika insha hii nataka kuuchunguza huo ubure. Nitatumia tukio moja la Marekani, kimbunga cha tarehe 21 Septemba 1938, kwa sababu siku hiyo miti iliangushwa mingi kiasi kwamba gharama ambazo kwa kawaida hatuzioni zilijitokeza zote kwa pamoja. Hoja yangu ni kwamba mti ulioanguka una bei, na bei hiyo ni muda. Waliofanikiwa kupata mbao mwaka ule ni wale waliopata namna ya kuununua muda huo.

New England ni eneo la majimbo sita ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kimbunga kilipiga kisiwa cha Long Island alasiri, kikavuka bahari na kupanda bara kwa kasi kubwa kupitia Connecticut, Massachusetts, New Hampshire na Vermont. Watu takriban 600 walikufa, wengi wao pwani. Kule bara mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa kabla ya upepo kufika, udongo ukalegea, na miti iking'oka na mizizi yake. Iliyoanguka ilikadiriwa kuwa na zaidi ya futi bilioni 2.5 za ubao. Futi moja ya ubao ni kipande chenye urefu wa futi moja, upana wa futi moja na unene wa inchi moja. Wingi huo ulizidi kwa mbali kile ambacho viwanda vya eneo hilo vilikuwa vikipasua kwa mwaka mzima.

Ili tuelewe nani hasa aliumia, lazima tujue miti hiyo ilitoka wapi. Mingi ilikuwa misonobari myeupe, nayo haikuwa ya msitu wa asili. Katika karne ya 19 wakulima wengi wa New England waliyaacha mashamba yao ya mawe wakaenda magharibi au mijini. Malisho yaliyoachwa yakaota misonobari, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 misonobari hiyo ilikuwa mikubwa ya kutosha kupasuliwa mbao za masanduku. Familia iliyobaki shambani ilikuwa na ekari zake chache za misonobari, ikaitunza kama fedha iliyowekwa benki. Binti akiolewa au paa likiharibika, watu walikata kidogo. Hapa msomaji wa Kabale, ambako mkaratusi hupandwa kilimani ili siku moja ulipe karo, hahitaji maelezo zaidi. Alasiri moja akiba ya miaka 60 ikalala chini, tena katika muongo wa mdororo mkuu wa uchumi, ambapo wengi hawakuwa na akiba nyingine.

Mtu anaweza kusema kwamba miti ilikuwa bado ipo, na kilichobaki kilikuwa kuipasua tu. Hapo ndipo muda unapoingia. Msonobari ukishakufa, wadudu wanaotoboa mbao huufuata mara tu joto linapokuja. Pamoja nao huja kuvu inayoipaka mbao madoa ya rangi ya buluu. Ubao wenye madoa hayo haukosi nguvu sana, lakini mnunuzi anauona na kushusha bei. Baada ya kuvu hiyo hufuata ile inayoozesha kabisa. Kimbunga kilitokea mwezi Septemba, kwa hiyo majira ya baridi yaliwapa wenye miti miezi michache ya nafuu. Tishio halisi lilikuwa kiangazi cha 1939.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na ya hatari. Mti uliosimama hukatwa kwa utaratibu unaojulikana, lakini miti iliyolaliana huvutana na kusukumana. Ukikata mmoja, mwingine unaruka, au kisiki chenye mizizi kinasimama ghafla kama mlango unaofungwa. Wakati ule misumeno ilikuwa ya kuvutwa na watu wawili, na magogo yakikokotwa na farasi. Miti iliyoota kando ya malisho ya zamani ilikuwa na tatizo jingine: wakulima huigongomea misumari na nyaya za uzio, na mti ukinenepa huvimeza. Msumari mmoja ndani ya gogo huharibu meno ya msumeno wa kiwanda, na hasara hiyo hula faida ya magogo kadhaa. Mpasuaji mbao yeyote anayepewa mti wa bure kutoka uani mwa mtu hujiuliza swali hilo kwanza.

Kisha kulikuwa na soko. Kila mtu alikuwa na magogo ya kuuza kwa wakati mmoja, na wanunuzi wachache walijua hilo. Kama serikali isingeingilia kati, nadhani mkulima angelazimika kuuza kwa bei ya kuni. Serikali ya shirikisho iliunda chombo maalumu chini ya Idara ya Misitu, kilichojulikana kwa kifupi kama NETSA, ambacho kazi yake ilikuwa kununua magogo ya kimbunga kwa bei iliyotangazwa kulingana na daraja la ubora. Mkulima alikata, akakokota, akafikisha gogo mahali pa kupokelea, likapimwa na akalipwa. Wakati huohuo vijana na vibarua wa miradi ya kazi ya Rais Roosevelt walipelekwa kufyeka matawi makavu kando ya barabara na nyumba, maana msitu uliolala chini ukikauka ni moto unaosubiri cheche.

Lakini kununua magogo hakuyazuii kuoza, na viwanda vyote pamoja na mashine za kuhamishwa zilizoletwa kutoka sehemu nyingine visingemaliza kupasua kabla ya kiangazi. Suluhisho lilikuwa maji. Wadudu na kuvu huhitaji hewa. Gogo likizama, au likilowa kabisa, hewa haipenyi ndani yake, nalo hukaa bila kuharibika kwa miaka. Wapasuaji mbao walilijua jambo hili zamani. Kilichokuwa kipya ni ukubwa wa matumizi yake. Maziwa madogo na mabwawa kote New England yalijazwa magogo hadi mtu asiyaone maji. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi muhimu kuliko yote katika historia hii, kwa sababu uliligeuza tatizo la miezi minane kuwa kazi ya miaka minne.

Ndani ya miaka hiyo minne dunia ilibadilika. Mwaka 1939 vita vilianza Ulaya, na mwishoni mwa 1941 Marekani nayo ikaingia. Mbao ambazo mwaka 1938 hazikuwa na mnunuzi sasa zilitafutwa kwa ajili ya makambi ya askari na masanduku ya kusafirishia silaha na vyakula. Kwa mauzo hayo serikali ilirudisha sehemu kubwa ya fedha zake. Sidhani kwamba waliopanga mwaka 1938 walilitabiri jambo hilo. Walinunua muda, na muda ukaleta mnunuzi.

Tatizo lililobaki lilikuwa watu. Karibu na mji wa Concord, New Hampshire, kuna bwawa liitwalo Turkey Pond, ambalo lilikuwa bado limejaa misonobari ya kimbunga. Wanaume walikuwa wamekwenda jeshini au kwenye viwanda vya silaha vilivyolipa zaidi. Mwaka 1942 serikali ilijenga kiwanda cha kupasua mbao kando ya bwawa hilo na kuajiri wanawake. Walisimama juu ya magogo yanayoelea wakiyasukuma kwa pondo zenye ncha ya chuma, wakayapandisha kwenye mashine, wakapanga mbao kwa madaraja na kuzibeba hadi kwenye marundo ya kukaushia. Majira ya baridi walifanya kazi hiyo bwawa likiwa limeganda, na barafu ilibidi ivunjwe kwanza ili gogo litoke.

Tunajua sura zao kwa sababu mnamo Juni 1943 John Collier, mpigapicha wa serikali, alifika hapo. Katika picha zake wamo wasichana wawili wa miaka 18 waliofanya kazi shimoni chini ya mashine, mahali vumbi la mbao linapoangukia. Ni umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Picha zilitengenezwa kwa ajili ya propaganda ya vita, kwa hiyo tuzisome kwa tahadhari: hazionyeshi uchovu, wala hazituambii wanawake hao walirudi kwenye kazi gani baada ya magogo kwisha. Hata hivyo zinathibitisha jambo moja ambalo maneno ya maofisa yasingelithibitisha, kwamba kazi iliyohesabiwa kuwa ya misuli ya wanaume ilifanyika na ikakamilika.

Wanasayansi wa baadaye wameuliza kama ilifaa hata kuyagusa magogo hayo. Mwaka 1990 watafiti wa Harvard Forest, msitu wa chuo kikuu ulioko Petersham, Massachusetts, waliangusha miti kwa kuivuta na winchi ili kuiga kimbunga cha 1938, kisha wakaiacha palepale. Miti mingi iliyolala iliendelea kutoa majani, machipukizi yakaota, na udongo haukupoteza rutuba yake kama ilivyodhaniwa. Baada ya 1938, kinyume chake, mito mikubwa ya eneo hilo iliongezeka maji kwa miaka kadhaa, na baadhi ya watafiti wanailaumu kazi ya kukokota na kufyeka kuliko upepo wenyewe.

Ushahidi huo naukubali kuhusu msitu. Kuhusu wenye msitu unanipa shida, kwa kuwa unapima udongo na maji tu, na familia iliyokuwa na deni mwaka 1938 haimo katika vipimo hivyo. Mkulima wa New Hampshire asingeweza kungoja miaka kumi kuona kama machipukizi yatakuwa misonobari. Harvard Forest wenyewe, ulipoangushiwa misonobari yake mwezi ule wa Septemba, ulikata na kukusanya magogo kama majirani zake.