Uzi Unywao Mafuta

Agosti 2020, mafuta ya meli MV Wakashio yalipoanza kuvuja kwenye matumbawe ya Pointe d'Esny, Mauritius, serikali iliwataka wananchi waiachie kazi ya kusafisha. Hawakusubiri. Pale Mahébourg walijaza majani makavu ya miwa kwenye vitambaa, wakashona, wakafunga chupa tupu za plastiki ili uzio uelee, kisha wakauburuta majini. Mafuta yaliyomwagika yalikadiriwa kuwa tani 1,000.

Shanghai, katika Chuo Kikuu cha Donghua, watafiti walipita njia nyingine kabisa. Plastiki ya polistirini huyeyushwa katika kiyeyushi, kisha huvutwa kwa umeme wa volti nyingi mpaka iwe nyuzi nyembamba sana. Kiyeyushi kikikauka, uzi hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha nyuzi hizo zikinywa mafuta ya injini zaidi ya mara 100 ya uzito wake.

Kwa namba hiyo pekee, Mauritius imeshindwa. Majani ya miwa hunywa hata maji, na yakikaa huwa mazito na kuzama. Lakini yalikuwepo siku ile ile, shambani, bila kuagizwa.

Katikati nauweka msufi, ambao watu wa pwani tunaujua kwa mito na magodoro. Kila uzi wa sufi ni mrija mtupu wenye nta juu yake: maji huteleza, mafuta huingia. Maabara zimeupima ukabeba zaidi ya mara 30 ya uzito wake, kuliko pedi nyingi za polipropilini zinazouzwa kwa kazi hii. Kitundu kinachotafutwa kwa umeme, mti huu unacho tangu tunda likiwa mtini.

Hata hivyo, swali la kwanza liwe: mafuta gani? Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe moto njia nzima, kwa kuwa mafuta yale yana nta nyingi na huganda yakipoa. Yakimwagika baharini hayatapenya kitundu chochote, cha sufi wala cha polistirini. Japani, meli Nakhodka ilipovunjika 1997, mafuta mazito yaliyofika ufukweni yalichotwa na maelfu ya watu wa kujitolea kwa kata na ndoo. Wanaopanga maandalizi ya kukabili umwagikaji Tanga wanunue nyuzi kwa ajili ya dizeli ya meli, na kwa shehena yenyewe ya mafuta ya bomba waweke nyavu, makoleo na watu waliofunzwa.