Asili ya Makao ya Wasanii huko Peterborough

Peterborough ni mji mdogo wa mashamba katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani. Mwaka 1896 Bibi Marian MacDowell alinunua shamba huko, ili mumewe Edward, mtunzi wa muziki aliyekuwa na sifa kubwa nchini mwake, apate mahali pa kutungia wakati wa kiangazi. Baadaye alimjengea kibanda cha magogo ndani ya msitu. Katika upweke wa kibanda hicho kazi ya Edward ilisitawi, na wote wawili wakatamani wasanii wengine wapate nafasi kama hiyo.

Makao yalianzishwa mwaka 1907. Wa kwanza kupokelewa walikuwa ndugu wawili wa kike: Helen Mears, mchongaji wa sanamu, na Mary, mwandishi. Wakati huo Edward alikuwa mgonjwa wa akili asiyetarajiwa kupona, akafariki Januari 1908. Ndiyo kusema kwamba mahali palipochukua jina lake hakupata kupaongoza hata siku moja. Mzigo wote ulimwangukia mjane. Bibi huyo alikuwa mpigaji piano hodari, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Edward huko Ujerumani, na baada ya kuolewa naye mwaka 1884 aliiacha kazi yake mwenyewe. Sasa aliirudia kwa sababu ya haja ya fedha: kwa miaka mingi alisafiri mji hata mji, akipiga tungo za marehemu mbele ya vyama vya wanawake na kuomba michango. Dhoruba kuu ya Septemba 1938 ilipoangusha miti ya msitu na kuharibu majengo, alikuwa na umri wa miaka 80, naye akaanza tena kuchangisha. Alifariki mwaka 1956.

Utaratibu aliouweka ni mwepesi kueleza. Kila msanii hupewa chumba chake cha kazi, kilichojitenga na vingine, wala hakuna amwendeaye mwenziwe bila kualikwa. Chakula cha mchana huletwa katika kikapu, kikaachwa mlangoni, na mletaji huenda zake bila kubisha hodi; jambo ambalo kwetu lingehesabiwa kuwa utovu wa adabu, huko ndiyo heshima yenyewe. Jioni wote hula pamoja. Mshairi Edwin Arlington Robinson alikuja kila kiangazi tangu 1911 hadi 1934. Thornton Wilder aliandika huko sehemu ya tamthilia yake Our Town, iliyochezwa mwaka 1938, na kijiji chake cha kubuni hufikiriwa kuwa kimefananishwa na Peterborough. James Baldwin naye alikaa huko katika miaka ya 1950.

Kwa muda wa zaidi ya karne mahali hapo paliitwa koloni. Katika Kilatini neno hilo latokana na jina la mkulima, na waanzilishi walikusudia kundi la watu waliohamia mahali kufanya kazi. Lakini maana haikai palepale. Kiswahili kililipokea neno lilipokwisha kubeba utawala wa kigeni, kikazaa mkoloni na ukoloni, wala msikiaji wa Kiswahili hawezi kulitenga na historia hiyo. Mwaka 2020 wakuu wa makao waliliondoa katika jina lao, kwa kuwa lilibeba maana ya kuwabagua watu. Limebaki jina MacDowell peke yake, ambalo kwa kawaida husomwa kuwa la mume.