Bendera Juu ya Mashine: Historia ya Viwanda vya Belfast

Bendera ya taifa ni kitu cha heshima. Tunasimama inapopandishwa, na jeneza la askari tunalifunika kwa hiyo. Basi tukisikia kwamba mwajiri fulani amewakataza wafanyakazi kuitundika kiwandani, upesi tunasema: huyu haipendi nchi yake. Historia ya Ayalandi ya Kaskazini yatufundisha kutohukumu kwa haraka.

Mjini Belfast, tangu zamani, kazi nzuri za viwandani zilikuwa mikononi mwa Waprotestanti, waliotaka kubaki chini ya Mfalme wa Uingereza. Wakatoliki walikuwa wachache, na wengi wao walitamani Ayalandi moja yenye kujitawala. Tarehe 21 Julai 1920, katika siku za vita vya kugombea uhuru wa Ayalandi, wafanyakazi Wakatoliki walifukuzwa kwa nguvu na wenzao katika viwanda vya meli vya mji huo, kimojawapo kikiwa Harland and Wolff, kilichounda meli ya Titanic. Maelfu walipoteza mkate wao. Pamoja nao walifukuzwa Waprotestanti walioshukiwa kuwa wajamaa. Nchi iligawanywa mwaka uliofuata, lakini kumbukumbu ile haikufutika.

Tangu hapo, bendera kiwandani haikuwa pambo tu. Kila mwaka, ilipokaribia tarehe 12 Julai, Waprotestanti walipojiandaa kuadhimisha ushindi wa Mfalme William wa mwaka 1690, bendera za Uingereza zilitundikwa juu ya mashine na kwenye nguzo za karakana. Kwa aliyezitundika, zilikuwa ishara ya uaminifu kwa dola yake halali. Kwa Mkatoliki mmoja kati ya Waprotestanti hamsini, zilisema neno jingine: hapa ni kwetu, wewe ni mgeni. Sheria yenyewe iliegemea upande mmoja, kwa maana ile ya mwaka 1954 iliikinga bendera ya Uingereza isizuiwe, na kuwapa polisi uwezo wa kuziondoa alama nyingine zilizodhaniwa kuvunja amani.

Mwaka 1976 ilitungwa sheria ya kukataza ubaguzi wa dini katika kuajiri, lakini nguvu yake ilikuwa ndogo. Ndipo msukumo ukatoka ng'ambo. Mwaka 1984 zilitangazwa nchini Marekani Kanuni za MacBride, zenye jina la Seán MacBride, mwana wa Ayalandi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1974. Aliyezipigania zaidi ni padri Mkatoliki, Sean McManus. Zilikuwa kanuni tisa kwa makampuni ya Marekani yenye kazi Ayalandi ya Kaskazini, na mojawapo ilidai alama za dini na siasa zenye uchokozi ziondolewe mahali pa kazi. Si Wakatoliki wote waliokubaliana na kampeni hiyo. John Hume, kiongozi wao mashuhuri, aliogopa kwamba ingewafukuza wenye mitaji na kuongeza ukosefu wa kazi.

Mwaka 1987 wakuu wa Short Brothers, kiwanda cha ndege cha Belfast, waliamuru bendera na mapambo hayo yaondolewe. Wafanyakazi wengi walikasirika, na wengine waliacha kazi kwa kupinga. Tusiwadharau. Walikuwa wakiambiwa waishushe bendera ya dola yao ndani ya dola yao wenyewe, na waliona kwamba baba zao wanatukanwa. Mwaka huohuo sheria ya 1954 ilifutwa.

Sheria mpya ya 1989 ilikwenda mbali zaidi. Mwongozo ulioandamana nayo uliwataka waajiri waweke mazingira ya kazi ambamo hakuna anayetishwa kwa ajili ya dini au siasa yake, bendera na mabango yakiwemo. Waajiri walilazimishwa pia kuhesabu kila mwaka Wakatoliki wangapi na Waprotestanti wangapi wanafanya kazi kwao. Hapa ndipo penye uzito. Kuishusha bendera bila kufungua mlango wa kuajiriwa kungekuwa kusafisha ukuta tu. Tena katazo lilikuwa la haki kwa sababu liliwafunga wote, na bendera ya rangi tatu ya Ayalandi nayo haikuruhusiwa kuwachokoza Waprotestanti.

Sisi Wakongomani hatuko mbali na habari hii. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi waliacha nyuma kazi yao ya Gécamines. Bendera haikuhitajiwa, jina na asili vilitosha. Kwa hiyo, tunapoona alama yoyote imetundikwa mahali pa kazi, iwe ya taifa, ya chama au ya kabila, tusiishie kuuliza kama inaruhusiwa. Tumtazame yule aliye peke yake chini yake, tuulize kama anaweza kufanya kazi yake bila hofu na kurudi nyumbani salama na mshahara wake.