Mashindano na Waamuzi Wake

Tunapokumbuka miaka ya parokia yetu, tusifiche jambo hili: kwaya zetu za Nundu zimewahi kwenda shindanoni kwa furaha na kurudi zikinuniana. Kisa hakikuwa wimbo, bali waamuzi waliotaja mshindi pasipo kueleza walipima nini. Basi tuangalie namna wengine walivyoamuliwa mbele yetu.

Katika pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1890, vikundi vya ngoma ya beni vilishindana kwa tarumbeta, mavazi na karamu. Askari wa vita vya 1914–1918 waliieneza ngoma hiyo barani, hata ikafika Kongo. Mwamuzi wake mkubwa alikuwa umati wa watu. Lakini kila kikundi kilikuja na watu wake, na ugomvi ulizuka mara nyingi.

Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda na gita lake kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wimbo wake, «Masanga», ulipata zawadi ya Osborn ya chama cha African Music Society, iliyotolewa kwa muziki uliorekodiwa. Hapo sikio ndilo lililopima, kwani sahani ya santuri haionyeshi mavazi wala haigawi chakula.

Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa. Mwamuzi wa ulingoni na wenzake wawili waliokaa kando waliandika pointi baada ya kila raundi, kila mtu kwenye karatasi yake. Katika raundi ya 8 Foreman akaanguka, na karatasi hazikuhitajiwa tena.

Katika kuimba hakuna aangukaye chini. Karatasi ya mwamuzi ndiyo neno la mwisho, na kwa hiyo sherti iwe safi kuliko ile ya ngumi. Vipimo vitangazwe kabla ya wimbo wa kwanza: sauti, matamshi, mapatano ya waimbaji. Kila mwamuzi aandike peke yake, na asiamue kwaya ya ndugu zake. Mwishoni asome sababu mbele ya wote.

Hivyo kwaya iliyoshindwa itajua ilipopungukiwa, nayo itarudi mazoezini badala ya kurudi na kinyongo.